Mwendo Huamuliwa Kabla ya Kuwasha Pikipiki

Ndugu zangu waendesha pikipiki, dada na kaka, asanteni kwa kuja.

Sitawaambia kwamba mwendo hauna utamu. Kila aliyewahi kukaa juu ya pikipiki anaujua: upepo kifuani, injini inavyoitikia mkono, barabara iliyonyooka na mbele hakuna mtu. Mkufunzi anayeukana utamu huo hupoteza wasikilizaji wake dakika ya kwanza, maana anazungumza na watu ambao hawamo ukumbini. Waliomo ni sisi tunaoupenda. Kwa hiyo leo nataka tuizungumze tamaa yenyewe: huja saa ngapi, huja na hoja gani, na mtu anayeipenda pikipiki yake anaizuiaje.

Nina jambo moja la msingi. Tamaa ikishafika kwenye kiganja cha mkono wa kulia, mara nyingi umeshachelewa. Mkono unazungusha akselereta kabla akili haijamaliza kuuliza kwa nini. Ndiyo maana uamuzi wa mwendo unatakiwa uwe umefanywa mapema, umesimama, umetulia, ufunguo ungali mfukoni. Ukiuacha uamuzi huo uje kufanyiwa barabarani, utafanywa na hasira, au na haraka, au na rafiki aliyekupita.

Kabla sijafika huko, naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu. Si nyingi, lakini bila hizo maneno yangu yatakuwa mawaidha matupu.

Pikipiki iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye 80 hukata mita 22, na kwenye 100 hukata karibu mita 28. Mwendeshaji aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi breki zianze kushika. Aliyechoka au aliyekuwa akiwaza mengine huchukua zaidi. Sekunde hiyo yote pikipiki inakwenda kwa mwendo uleule, haijapungua hata chembe. Ndipo breki zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima na mwendeshaji akijua kufunga breki, atahitaji kama mita 20 zaidi kusimama kutoka 60, kama mita 35 kutoka 80, na kama mita 55 kutoka 100.

Sasa chukueni waendeshaji wawili walio sambamba, mmoja yuko kwenye 80 na mwingine kwenye 100. Lori linatokea pembeni na kuziba njia. Wote wawili wameliona kwa wakati mmoja, wote wana breki nzuri, wote wamezibana sawasawa. Wa 80 anasimama baada ya mita 57 hivi. Tuseme lori liko mita moja mbele yake. Amepona, ataondoka na kiwewe tu. Mwenzake, anapofika pale pale, bado anakwenda zaidi ya kilomita 65 kwa saa.

Watu wengi wakiulizwa hudhani atagonga kwa mwendo wa 20, kwa sababu 20 ndiyo ziada aliyokuwa nayo. Hivyo ndivyo tamaa inavyotuhesabia: kilomita 20 tu, ni kitu gani? Lakini kazi ya breki ni kuondoa nishati, na nishati ya chombo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, umezidisha nishati mara nne. Ziada ndogo juu ya spidomita ni mzigo mkubwa kwenye tairi mbili ambazo kila moja imegusa ardhi kwa eneo linalofunikwa na kiganja. Na mvua ikinyesha, au kukiwa na mchanga au mafuta yaliyomwagika, hata hizo mita nilizotaja zisahauni.

Shirika la Afya Duniani limelisema jambo hilohilo kwa njia nyingine: wastani wa mwendo barabarani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kwa hesabu ya shirika hilo, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya mmoja katika kila watano wao alikuwa kwenye chombo cha injini cha magurudumu mawili au matatu. Hao ni sisi.

Najua jibu linalokuja hapa, maana nimelisikia mara nyingi: mimi ni mzoefu, nina miaka mingi, naijua pikipiki yangu. Mwenye kusema hivyo hadanganyi. Anaijua kweli. Asichokijua ni kile ambacho dereva wa gari lililo mbele anakaribia kufanya.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ajali hizo walizifuata zilikotokea na kuzichambua moja moja. Waliona kwamba katika ajali zilizohusisha chombo kingine, mara mbili katika kila tatu ni dereva wa kile chombo kingine aliyeingia mbele ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Waliona pia kwamba mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kufanya chochote tangu hatari ijitokeze hadi kugongana. Na nusu ya pikipiki hizo, kabla ya hatari kutokea, zilikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa.

Kuna wanaoyasoma matokeo hayo na kufurahi: mnaona, tatizo si mwendo, tatizo ni wenye magari. Mimi nayasoma kinyume chake. Gari litaingia mbele yako. Hilo huna mamlaka nalo, na kuwa na haki hakulizuii. Kitu pekee kilicho mikononi mwako ni muda, na mwendo hula muda. Ikiwa waendeshaji wale, nusu yao wakiwa chini ya 50, walibaki na muda usiofika sekunde 2, mtu aliye kwenye 90 katika barabara ileile amejibakizia nini?

Zaidi ya hapo, dereva yule mara nyingi alitazama. Tunapenda kumwita mzembe, na wakati mwingine ni mzembe kweli, lakini jicho la binadamu hukosea linapopima mwendo wa kitu kidogo kinachokuja moja kwa moja. Kitu kikubwa huonekana kinafika upesi, kidogo huonekana bado kiko mbali. Pikipiki kwa mbele ni taa moja na mabega. Dereva anatupa jicho upande wako, anakuona uko mbali, anageukia upande wa pili kuhakikisha, kisha anaingia. Tuseme hayo yote yamechukua sekunde 3. Kama ulikuwa kwenye 60, umesogea mita 50. Kama ulikuwa kwenye 100, umesogea zaidi ya mita 80, na mahali alipokuona haupo tena. Amefanya hesabu yake juu ya pikipiki ya kawaida, nawe ukaleta nyingine.

Kuna kifo kimoja maarufu ambacho huwa nakitaja kwa sababu kilizaa jambo jema. T. E. Lawrence, askari na mwandishi wa Uingereza, alipenda pikipiki na mwendo kuliko karibu kila kitu, akamiliki Brough Superior kadhaa, zilizokuwa miongoni mwa pikipiki zenye nguvu kuliko zote za enzi zake. Mwezi Mei 1935, kwenye barabara ya mashambani karibu na nyumbani kwake, bonde dogo la barabara lilimficha asiwaone vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa. Hakuwa amevaa helmeti. Alikufa siku sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 46. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakulisahau tukio lile. Alichunguza majeraha ya kichwa ya askari waliokuwa wakipeleka ujumbe kwa pikipiki, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya helmeti kuwa lazima kwa waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza, kisha kwa raia miaka mingi baadaye.

Helmeti ivaeni, na ifungeni kidevuni. Ila msiigeuze ruhusa ya kukimbia. Vipimo vya Umoja wa Mataifa vinavyotumika Ulaya huigongesha helmeti maabara kwa mwendo usiofika kilomita 30 kwa saa. Hupimwa hivyo kwa sababu anayeanguka na kuteleza, kichwa chake hushuka chini kwa mwendo wa kuanguka tu, hata kama pikipiki ilikuwa mbio. Ndiyo maana helmeti inaokoa watu wengi sana. Lakini ukienda moja kwa moja kwenye nguzo au ubavu wa lori kwenye 90, umekwenda nje kabisa ya kile ambacho kifaa hicho kilitengenezewa. Angalieni pia kile kisa chenyewe: bonde. Lawrence alikuwa mwendeshaji hodari. Uhodari haukuweza kuona ng'ambo ya mwinuko.

Sasa tuje kwenye saa za tamaa. Naamini kila mmoja wetu ana saa zake mbili tatu, na kuzijua ni nusu ya kazi.

Ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni kuchelewa. Hapa naomba mchukue safari ya kilomita 10. Kwa wastani wa 60 ni dakika 10. Kwa wastani wa 80 ni dakika saba na nusu. Umeokoa dakika mbili na nusu, na hiyo ni endapo barabara yote ni nyeupe, hakuna taa, hakuna makutano, hakuna tuta wala mtu anayevuka. Katika barabara halisi mtu anayekimbia hukutana na yule aliyempita kwenye taa inayofuata. Na kadiri unavyozidi kwenda kasi ndivyo faida inavyopungua: kutoka 100 hadi 120, kwenye kilomita zilezile 10, unapata dakika 1. Kwa dakika 1 umeongeza nishati ya pikipiki kwa zaidi ya asilimia 40.

Dawa ya kuchelewa haipo barabarani. Ipo kwenye simu unayopiga kabla ya kuondoka: "Nitachelewa dakika 15." Ukishasema hivyo, deni limekwisha, na mkono wa kulia hauna tena cha kulipa. Nimeshangaa mara nyingi jinsi watu wazima wanavyoona aibu kusema sentensi hiyo fupi, halafu wakaenda kuhatarisha shingo.

Saa ya pili ni ukitoka kwenye foleni. Umebanwa nusu saa nyuma ya malori, jasho, moshi, kisha ghafla njia imefunguka. Mwili unadai fidia. Ni dakika chache hivi, lakini ni mbaya, kwa sababu kila mtu aliyekuwa kwenye foleni ile anadai fidia yake pia, na wote mnaidai mahali pamoja. Hapo mimi hukaa nyuma makusudi hadi kundi la kwanza liondoke.

Halafu kuna kupitwa. Hii haina uhusiano wowote na safari. Ni moyo tu. Mtu amekupita, pengine ana pikipiki ndogo kuliko yako, na amepita karibu. Kwa vijana ninaowafundisha nawaambia hivi: aliyekupita amekufanyia kazi. Sasa yuko mbele yako, taa zake za breki zitakuonyesha shimo, zitakuonyesha mbuzi, zitakuonyesha gari linalotoka. Mwache atangulie.

Safari za kundi ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu humo hakuna anayeamua. Wa mbele anaongeza kidogo, wa pili anaongeza ili asiachwe, na wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mgeni, anajikuta anapiga kona kwa mwendo ambao asingeuthubutu akiwa peke yake. Kikundi kinachojiheshimu humweka asiye mzoefu karibu na mbele na kufuata mwendo wake, na hukubaliana kabla ya kuwasha mahali pa kusubiriana, ili anayeachwa asiwe na sababu ya kukimbiza. Kikundi chako kikikataa hilo, ondoka. Nasema hivyo bila kupepesa.

Ya mwisho nitakayoitaja inawapata hata watulivu. Ukitoka kwenye barabara kuu ulikokaa kwenye 100 kwa muda mrefu, macho na masikio yanazoea. Ukishuka hadi 60 unahisi unatambaa, na ukihisi uko kwenye 50 huenda uko kwenye 70. Hapo hisia hazifai kabisa. Angalia spidomita, iamini kuliko mwili wako, hasa dakika za kwanza baada ya kuingia mji.

Hayo ndiyo maadui. Silaha ni zipi? Nitawapa ninazozitumia na kuzifundisha.

Panga namba. Kila njia unayopita mara kwa mara ipe mwendo wako wa juu, ulioufikiria ukiwa nyumbani, kipande kwa kipande: hapa kuna shule, pale kuna makutano yasiyoonekana vizuri, pale lami imeisha. Namba hiyo haiwezi kuzidi kibao cha sheria, lakini inaweza kuwa chini yake, na mara nyingi inatakiwa iwe chini. Ukiwa barabarani hujiulizi tena niende kiasi gani. Unajiuliza tu kama uko kwenye namba yako. Swali hilo la pili ni rahisi mno, hata ukiwa umekasirika unaweza kulijibu.

Mahali usipopajua, tumia kanuni ambayo hakuna aliyepata iliyo bora kuliko hiyo: nenda kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona kuwa mweupe. Kwenye kona, tazama mwisho kabisa pale kingo mbili za barabara zinapokutana machoni. Sehemu hiyo ikikukaribia, kona inabana, punguza. Ikikimbia mbele yako, kona inafunguka. Mwendo wote upunguze kabla hujaingia, pikipiki ikiwa imesimama wima, maana tairi iliyolala tayari ina kazi ya kukugeuza, na ukiidai breki kali juu ya hiyo kazi inaweza kuachia. Tena usiikodolee macho hatari. Pikipiki hufuata macho. Ukilitazama shimo utaliingia.

Silaha ninayoipenda kuliko zote ni ulimi. Askari polisi wa Uingereza wanaofunzwa uendeshaji hufundishwa kutamka kwa sauti yale wanayoyaona, na mtu yeyote anaweza kufanya hivyo ndani ya helmeti yake: "Gari jeupe kulia, dereva hajanitazama. Mtoto na mpira. Mchanga kwenye kona. Basi limesimama, mtu atatokea mbele yake." Fanyeni hivyo dakika tano tu. Mtaona ajabu moja: ukienda kasi kuliko unavyostahili, ulimi unashindwa kufuata. Kabla hujamaliza kutaja jambo moja umeshapita mawili. Ulimi ukikwama, punguza hadi uweze tena kusema. Na akili iliyo kwenye kazi ya kutaja haina nafasi ya kuisikiliza tamaa.

Jifunzeni pia kufunga breki. Tafuta uwanja mtupu wenye lami safi, weka alama chini, njoo na 30, kisha 40, kisha 50, ubane breki zote mbili kwa nguvu inayopanda taratibu, ya mbele ikibeba sehemu kubwa, macho yakiwa mbele. Mkiwa hamna uzoefu, fanyeni hivyo mbele ya mkufunzi. Faida ya kwanza ni ujuzi. Ya pili ni kuona kwa macho yako, kwenye ardhi, umbali kati ya alama na mahali pikipiki iliposimama. Mtu aliyeuona umbali huo mara kadhaa hahitaji hotuba yangu.

Kwa wanaobeba abiria na mizigo kwa ajili ya kazi nina neno la pekee. Tamaa yenu si ya moyo tu. Mnalipwa kwa safari, na kila dakika ina hesabu. Anayewalipa hivyo na kuwahimiza mwahi ana sehemu yake katika damu inayomwagika, na ningependa waajiri na wateja wayasikie haya kuliko nyinyi. Lakini abiria aliye nyuma yako hana breki, hana usukani, na haoni unachokiona. Uzito wake umebadilisha namna pikipiki inavyosimama na inavyopinda. Akisema punguza, punguza. Asiposema, usidhani ameridhika. Wengine huogopa kusema.

Na kwa yule ambaye baada ya yote haya bado kiu iko palepale, wala simlaumu. Kiu hiyo ina mahali pake. Sisemi barabara iliyofungwa kwa mashindano: kwenye Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya pikipiki yaitwayo TT yanafanyika tangu 1907 katika barabara za kawaida zilizofungwa, kwa waendeshaji walio miongoni mwa bora duniani, na kwenye mzunguko ule wameshakufa zaidi ya watu 250. Kuta za mawe na nguzo hazijali umahiri. Nasema uwanja wa mbio uliojengwa kwa ajili hiyo, ambako wote wanakwenda upande mmoja, hakuna anayevuka, nje ya kona kuna nafasi ya kuteleza bila kugonga kitu, na gari la wagonjwa liko tayari. Weka akiba, nenda mara moja kwa mwaka pamoja na mkufunzi, na umalize kiu yako kule.

Asanteni kwa kunisikiliza. Pikipiki za mazoezi ya breki ziko nje. Tuanze na walio tayari.